Kusikia, Kutosikia na Antena ya Kulala

Miongoni mwa maswali ambayo wenye hekima wamerithishana karne kwa karne bila ya kuyamaliza, liko moja ambalo lingestahili kuulizwa na kila mwenye masikio, nalo ni hili: je, kutosikia kwangu kwaweza kuwa hoja ya kwamba hakuna anenaye? Mtu aliyeomba dua asione jibu, au aliyesoma maneno ya dini ya watu wengine yasimguse moyo, au aliyekaa miaka mingi na jirani wa kabila jingine asipate kwake hata neno moja la maana, huwa mwepesi wa kukata shauri kwamba upande wa pili ni kimya kitupu. Nataka kulitazama swali hili mahali ambapo msomaji pengine hakutazamia kulikuta, katika jambo dogo la ufundi linaloshughulisha watu wachache, yaani kuchagua antena fupi, ya kulala badala ya kusimama, ya kufungwa juu ya paa la gari. Kwani hapo swali la kusikia huvuliwa mapambo yake yote, likawa swali la chuma, urefu na mkao, ambalo mtu aweza kulipima kwa rula.

Wanaredio wa ridhaa ni watu waliopewa leseni na serikali zao warushe mawimbi kwa mapenzi ya kazi yenyewe, pasipo biashara wala kutangaza habari. Wamo mafundi na walimu na wastaafu, na marehemu Mfalme Hussein wa Jordan alikuwa mmoja wao, akiitwa hewani kwa alama ya JY1 kama vile kila mwingine aitwavyo kwa alama yake. Moja ya mikanda waliyotengewa huanza kwenye megahezi 144, ambapo urefu wa wimbi hupita mita 2 kidogo, na ndani ya mkanda huo mmoja wamo watu wa namna mbili ambao kwa miaka mingi wamekuwa majirani wasiosikilizana. Wa kwanza ni wale wanaozungumza kwa njia ya vituo vya kupokezana sauti vilivyowekwa juu ya vilima na majengo marefu, na antena zao husimama wima, kwa sababu fimbo iliyosimama juu ya gari ni rahisi kuifunga na husikia pande zote sawasawa. Wa pili ni wale wanaotafuta sauti dhaifu zitokazo mbali, kilomita mia na zaidi, pasipo kituo cha kuwasaidia njiani, nao hukutana kwenye megahezi 144.2 huko Marekani, na kwenye 144.3 katika Ulaya na Afrika. Hao antena zao hulala. Ukiuliza kwa nini zilale, utaambiwa kwamba ile antena ndefu yenye vijiti vingi, waliyoitangaza Wajapani Uda na Yagi mwaka 1926, ikilazwa haisumbuliwi na mlingoti wa chuma unaoibeba, na kwamba desturi hiyo imeshashika mizizi, hata anayeingia leo katika jamii hiyo akataka kusimama peke yake atakuwa anajinyima mwenyewe. Hakuna katika maumbile sheria iliyosema kwamba mlalo ni haki na wima ni batili. Ni ada tu ya watu. Walakini wanavyuoni wetu wa sheria waliipa ada nafasi yake katika hukumu, wala hawakuidharau.

Wimbi la redio lisafiripo huwa na nguvu ya umeme inayotikisika kwa kukingama na njia ya safari yake. Nguvu hiyo yaweza kutikisika juu na chini, au yaweza kutikisika kushoto na kulia, na mkao huo ndio unaoamua ni chuma kipi kitakachoguswa. Waya uliosimama huguswa na wimbi la wima, waya uliolala huguswa na wimbi la mlalo, na wimbi linaloukingama waya kabisa hupita kana kwamba waya haupo. Aliyepata kupanda juu ya bati kuizungusha antena ya televisheni, huku mwenziwe ndani akipaza sauti “Hapo hapo, usiguse!”, ameshalifahamu jambo la upande wa kuelekea, walakini angaliipindua antena hiyo kwa ubavu, vijiti vilivyolala vikasimama, bila ya kuigeuza upande hata kidogo, angaliona picha ikiharibika vilevile, ingawa kituo ni kilekile, na nguvu yake ni ileile, na antena imeelekea palepale. Katika hesabu ya karatasini hasara ya kukingamana huwa kamili. Duniani, kwa kuwa kuta na milima na matawi hulipindapinda wimbi njiani, hasara hiyo aghalabu hukaribia desibeli 20, maana yake mtu anayerusha wati 100 atasikika kama anayerusha wati 1.

Elimu hii ya mkao ilianza katika nuru kabla ya kufika katika redio. Mwaka 1808, mjini Paris, Étienne-Louis Malus alishika kipande cha jiwe angavu kutoka Iceland, akatazama kupitia kwake mwanga wa jua la magharibi uliokuwa ukirudishwa na vioo vya madirisha ya kasri la Luxembourg, na alipokuwa akiligeuza jiwe mkononi akaona mwanga ule ukififia kisha ukirejea. Ndipo ilipobainika kwamba nuru iliyorudishwa na kioo ina mkao. Na kanuni inayoitwa kwa jina lake hata leo ndiyo tunayoitumia kwa antena ya gari, kwamba mikao miwili ikitofautiana kwa nyuzi 45 hupatikana nusu ya nguvu, kwa nyuzi 60 robo, na kwa nyuzi 90 hakuna kitu. Malus huyu alikuwa amefika Misri mwaka 1798 pamoja na jeshi la Napoleon, akaijua Kairo, mji uleule ambamo karibu karne nane nyuma Ibn al-Haytham wa Basra alifanya kazi yake juu ya nuru na macho, akaikanusha rai ya wale Wayunani waliosema kwamba jicho hutoa miale ya kwenda kuvikamata vitu. Kuona, kwa mujibu wa Ibn al-Haytham, ni nuru kuingia jichoni kutoka nje, na moja ya dalili zake ni kwamba mwanga mkali huliumiza jicho, wala kitu hakiumizwi na kisichokifikia. Dalili hiyo ya maumivu naomba msomaji aiweke akilini, kwa kuwa nitaihitaji.

Mwaka 1888, katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe, Ujerumani, Heinrich Hertz alitengeneza fremu ya pembe nane, kimo chake mita 2 na upana wake mita 2, akaitandika nyaya za shaba zenye unene wa milimita 1, zikifuatana sambamba, sentimita 3 baina ya mmoja na mwenziwe. Upande mmoja wa fremu aliweka chombo cha kurushia mawimbi, na upande wa pili chombo cha kupokelea, ambacho ishara yake ya kupokea ilikuwa ni cheche ndogo mno, hata ikabidi itazamwe gizani. Mtu asiyefundishwa angedhani kwamba wimbi lililosimama litapenya baina ya nyaya zilizosimama, kama ubao mwembamba upenyavyo katika ua wa fito. Kumbe mambo yakawa kinyume. Nyaya zilipofuatana na mkao wa wimbi, cheche zilitoweka. Zilipoukingama mkao huo, cheche ziliendelea kana kwamba fremu haikuwekwa. Sababu yake ni kwamba wimbi linalofuatana na waya huusukuma umeme uliomo ndani ya waya huo uende na kurudi kwa urefu wake, na kwa kusukumana huko wimbi huzuiwa. Ilhali wimbi linaloukingama waya halina pa kuusukumia umeme, kwa hiyo hupita, lisiupe waya kitu wala lisipungukiwe na kitu.

Fikiri basi antena ni kitu gani. Ni waya huohuo uliozuia. Waya unaosikia ni ule ambao wimbi halikuweza kuupita bila ya kuutaharakisha, na waya unaoacha kila kitu kipite salama hausikii chochote. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwasikia watu wakisifu utulivu wa moyo ambao kwao maneno ya kila dini na ya kila rai hupita bila ya kuudhi wala kufurahisha, na utulivu huo wakauita uvumilivu. Nami sasa naona kwamba sehemu kubwa ya utulivu huo ni kukingamana tu. Asiyepata hata siku moja kuumizwa na maneno ya mtu wa imani nyingine, au kuona haya kwa ajili yake, au kukosa usingizi akiyawaza, huyo hakuyavumilia maneno hayo, kwa sababu hayakumfikia. Kusikia kuna gharama, na Ibn al-Haytham aliiona gharama hiyo katika jicho linalouma. Na kabla ya gharama kuna sharti, ambalo katika antena laonekana wazi kuliko penginepo pote: mkao hutangulia habari. Waya hauwezi kungoja usikie kwanza ndipo uamue kulala. Ukiwa haujalala, hautapata habari ya kuufanya ulale. Wenye imani wamelisema jambo hili kwa lugha zao, kwamba unyenyekevu hutangulia kufunuliwa, na wenye shaka wamelikataa wakisema ni hila ya kumtaka mtu akubali kabla ya kuona dalili. Nami nadhani waya wa Hertz unawapa haki wote wawili, kwa kuwa kulala kwa waya si kukubali lolote litakalosemwa. Waya uliolala hupokea ukweli na uongo sawasawa, na kazi ya kupambanua hubaki kwa mwenye redio.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alizishitaki hisi mbele ya akili kwa kosa la kusema uongo: jicho hukiona kivuli kimetulia ilhali kinatembea, na huiona nyota ndogo kama dinari ilhali akili yathibitisha ukubwa wake. Mashitaka hayo ni ya haki. Walakini kosa ninalolisema mimi ni la namna nyingine, na kuligundua kwake ni kugumu zaidi, kwa kuwa hapa hisi haikusema uongo, imenyamaza. Fimbo ya wima juu ya gari haina ubovu wowote. Fundi akiipima ataikuta salama, na redio iliyofungwa nayo haina kasoro, na dereva atasafiri kutwa nzima katikati ya mazungumzo ya watu asisikie ila mvumo. Uongo hukamatwa kwa shahidi wa pili anayesema vingine, lakini mvumo haudai lolote la kupinganishwa.

Wanavyuoni wa usuli wana kanuni maarufu kwamba kutokipata kitu si dalili ya kutokuwepo kwake, na wengi wetu huikariri kwa ulimi tukaiacha katika amali. Lakini kanuni hiyo ina upande wa pili usiofaa kusahauliwa, maana ingetumiwa kiholela kila mwenye ndoto angedai kwamba ndoto yake ni kweli na sisi ndio viziwi. Mwanaredio hafanyi hivyo. Hadai kwamba hewa imejaa sauti asizozisikia. Hushuka garini, akailaza fimbo yake kwa ubavu, akasikiliza tena. Sauti ikija, kimya cha kwanza kilikuwa chake mwenyewe. Isipokuja, bado hajui, lakini amepunguza ujinga wake kwa hatua moja ya halali. Insafu kwa rai yangu ni hiyo hasa, kwamba kabla ya kumhukumu mtu, au kitabu, au hata mbingu, kuwa haina la kuniambia, niwe nimejaribu angaa mara moja kukaa kwa mkao mwingine. Na ambaye hajajaribu, aseme kwamba hakusikia, asiseme kwamba hakukusemwa.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Kwa masafa ya megahezi 144, waya wa nusu ya wimbi ni kama mita 1. Ukinyooshwa na kulazwa juu ya gari, husikia vizuri mbavu zake mbili, na kwenye ncha zake hukaribia uziwi. Barabara ikikunja, sauti aliyokuwa akiisikiliza dereva inazama katikati ya sentensi. Mhandisi wa Marekani, George H. Brown, alionyesha mwaka 1936 namna ya kuzikingamanisha nyaya mbili za namna hiyo kama alama ya kujumlisha, mmoja ukilishwa umeme wake kwa kuchelewa robo ya mzunguko nyuma ya mwenziwe, zikasikia pande zote; ni antena nzuri, lakini mikono yake minne, nusu mita kila mmoja, hukamata kila tawi la mti. Iko nyingine yenye petali tatu, kila petali ikiwa na waya wa wimbi zima, na petali zote zikalishwa pamoja. Hiyo husikia vizuri zaidi na huchukua masafa mapana, walakini upana wake hufikia kama mita 1, na juu ya gari dogo ni mzigo wa kubishana na upepo. Ya mwisho ndiyo duara: waya uleule wa nusu wimbi, uliokunjwa mpaka ncha zake zikakaribia kukutana, upana wake sentimita 30 na kidogo, waweza kuwekwa juu ya mlingoti mwembamba uliofungwa kwenye keria au kwenye bampa ya nyuma. Wengine hulitengeneza la pembe nne. Kazi ni ileile.

Ukilitazama duara hilo kwa karibu utaona kwamba si pete iliyofungwa. Neli ya aluminiamu imezungushwa, na mahali ambapo ncha mbili zingegusana pameachwa mwanya mdogo. Katika mwanya huo ndimo nguvu ya umeme inapokuwa kali kuliko mahali pote, na ndimo antena yote inapolinganishwa: ncha zikisogezwa milimita chache, masafa ya duara huhama, mvua ikinyesha na matone yakaning'inia hapo, huhama tena, na dereva akaona kipimo cha redio yake kikimwonya kwamba sehemu ya nguvu inamrudia. Antena kubwa haisumbuliwi na tone la maji kiasi hicho. Huu si uzembe wa watengenezaji. Harold Wheeler mwaka 1947, na L. J. Chu mwaka uliofuata, walionyesha kwa hesabu kwamba antena ikifanywa ndogo kulinganishwa na wimbi lake hulipa deni lisilokwepeka, ama kwa kupungukiwa na upana wa masafa inayoyahudumia, ama kwa kupoteza nguvu yake katika joto. Hakuna ufundi uliopata kulifuta deni hilo. Kilichoachiwa ikhtiari ya mwanadamu ni kuchagua alilipe kwa fedha gani. Mwenye duara dogo hulilipa kwa upana: hawezi kusikia mkanda mzima sawasawa, basi hulilinganisha kwenye 144.2 au 144.3, mahali watu wake wanapokutana, na kwingineko akakubali kuwa mzito wa masikio.

Hapo ndipo ninapokumbuka hukumu ya sala ya msafiri. Sheria imemruhusu azifupishe adhuhuri na alasiri na isha kutoka rakaa nne hadi mbili, wala haikumruhusu kuifupisha magharibi wala alfajiri. Na sala yake iliyofupishwa ni sala kamili ya mtu aliye safarini, haihesabiwi kuwa nusu ya sala. Ruhusa hiyo ina mipaka iliyo wazi, na uzuri wake uko katika mipaka hiyo, kwani inajulikana ni kipi kilichopunguzwa na ni kipi ambacho hakiguswi. Anayechagua antena ya gari afanye vivyo hivyo, aamue kwa kusudi ni kipi atakachokipunguza. Upana wa masafa waweza kupunguzwa, na nguvu kidogo yaweza kusamehewa. Mkao haufupishwi, kwa maana antena ndogo iliyolala hupoteza sehemu ya sauti, na antena kubwa iliyosimama, mbele ya wimbi la mlalo, hupoteza karibu yote. Nimewaona watu wengi katika mambo ya roho wakifanya kinyume cha haya, wakishika wingi wa ibada na ukubwa wa maneno, na mkao wa moyo wakauacha ukae ukaavyo.

Liko jambo la chuma cha gari lenyewe, ambalo watu wa fimbo za wima hawana haja ya kulijua. Paa la gari ni kioo kwa mawimbi. Fimbo iliyosimama juu yake hupata taswira yake ndani ya kioo hicho, na taswira hiyo humuunga mkono mwenye nayo. Lakini waya uliolala karibu na paa hupata taswira ambayo umeme wake unakwenda kinyume, ukienda huku wenyewe unakwenda kule, zikapingana mpaka sauti ikakaribia kufutika kuelekea upeo wa macho, na hicho kinachobaki kikapanda angani kusiko na mtu wa kuzungumza naye. Dawa yake ni kimo. Duara likiinuliwa nusu ya wimbi, yaani kama mita 1 juu ya paa, taswira ile huacha kuwa adui, na nguvu huanza kuelekea mbali inakotakiwa. Likiinuliwa zaidi huwa bora zaidi, mpaka madaraja na matawi yakatae. Ajabu ya jambo hili ni kwamba chuma kimoja, kisichogeuzwa wala kuhamishwa, humsaidia aliyesimama na kumpinga aliyelala, na aliyelala akitaka kusaidiwa hana budi kujitenga nacho kwa kipimo maalumu. Jamaa na desturi zinazomwinua mtu wa mwenendo mmoja ndizo hizo hizo zinazomdidimiza mwenye mwenendo mwingine, pasipo uadui wowote ndani yake, na huyu wa pili hahitaji kuwachukia wala kuwakimbia. Ahitaji nafasi ya kadiri.

Huenda mtu akauliza kwa nini dereva asichukue ile antena ya Yagi yenye vijiti vingi, inayosikia upande mmoja kwa nguvu nyingi kuliko duara lisikiavyo pande zote. Jibu limo katika usukani. Gari halina kibla. Kila kona hugeuza mbele ikawa kushoto, na antena ya upande mmoja ingetaka mtu wa pili wa kuizungusha kila dakika. Msafiri aliye juu ya kipando ameruhusiwa kusali sunna akielekea huko kipando kinakoelekea, ilhali kwa sala ya faradhi hana budi kushuka na kuelekea Al-Kaaba. Na wanaredio wa magari, pasipo kujua kwamba fukaha wamewatangulia, wamefikia mpango kama huo huo, kwani katika mashindano ya Marekani wako madereva wanaozunguka kutoka mraba hadi mraba wa ramani, wakisikiliza kwa duara gari liendapo, na wafikapo juu ya kilima husimama, wakainua Yagi, wakaielekeza kwa makini kwa yule mmoja wanayemtafuta. Kusikia wote kwa uchache na kusikia mmoja kwa wingi ni haki mbili, wala sioni kwamba moja imefuta nyingine. Lililo kosa ni kumpa mmoja masikio yote wakati wa mwendo, au kusimama kilimani na bado usimwelekee mtu.

Yamebaki maneno ya njia ya katikati. Hertz alifanya jaribio jingine kwa fremu yake: alivikingamanisha vyombo vyake viwili, kimoja wima na kimoja mlalo, cheche zikakosekana kabisa, kama ilivyotazamiwa, kisha akaitia fremu baina yao, nyaya zake zikiwa zimeinama nyuzi 45, na cheche zikarudi. Kitu ambacho kazi yake ni kuzuia kilileta mapatano kwa kuwekwa baina ya wawili wasioweza kusikilizana, kwa sababu kila mmoja alikuwa na sehemu yake ndani ya mwinamo ule. Na kilichovuka kilikuwa pungufu, kwani kila kupinda kuna ushuru wake, lakini kutoka kwenye si kitu hadi kwenye kidogo ni safari ndefu kuliko kutoka kwenye kidogo hadi kwenye kingi. Kwa ajili hiyo siwadharau wanaoinamisha fimbo zao ili wapate nusu ya huku na nusu ya huku. Ila nauliza ni nani anayepaswa kuinama kwanza. BBC ilipofungua huduma yake ya FM kutoka Wrotham mwezi wa Mei 1955, mawimbi yake yalilala, kwa kuwa msikilizaji aliyefikiriwa alikuwa na antena iliyofungwa nyumbani kwake. Redio ilipohamia katika magari, ambako fimbo husimama, watangazaji huko Uingereza, na Marekani vilevile, hawakuwaambia madereva wote wa nchi walaze fimbo zao, bali wao wenyewe waliongeza sehemu ya wima katika mawimbi yao, na kwa hiyo wakabeba gharama ya kurusha mikao miwili. Naona hiyo ndiyo adabu ya mwenye nguvu. Mwenye mnara aweza kutoa mara mbili. Mwenye gari ana betri moja na paa moja. Walimu na mashekhe na mapadri, na wote wenye minara, wangelizingatia hilo kabla ya kuwalaumu watu kwa uziwi.

Mwanaredio wa ridhaa hana mnara, wala hawezi kuwataka wenzake wa mbali waliolala wasimame kwa ajili yake. Kwa hiyo anayeniomba shauri nitamwambia achukue duara, moja likitosha, au mawili yaliyopandana ikiwa mlingoti utayastahimili. Aliinue mita 1 juu ya paa, afunike mwanya wake usikusanye maji, alilinganishe katika siku kavu na alipime tena katika siku ya mvua. Fimbo ya wima asiing'oe. Vituo vya kilimani na watu wake wana haki yao vilevile, na siku gari litakapoharibika usiku mahali pasipo nyumba, huenda wao ndio watakaoitika kwanza. Kila antena iwe na kebo yake, na swichi ya kuhamia kutoka moja hadi nyingine iwekwe karibu na usukani, mkono uifikie bila ya macho kuondoka barabarani. Maana nimeona kwamba swichi ikifichwa chini ya kiti, mtu hubaki na antena aliyoanza nayo asubuhi, na kufika jioni hana habari kwamba kulikuwa na nyingine.